Wajibu unaodondoka nyumbani, mashine huuokota

Buswelu. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa ikiruka kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe ikiwa imebeba dawa. Kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria zilimalizika kwa wastani wa dakika 40, ilhali kwa njia ya nchi kavu mzigo uleule ungezunguka kilomita 240 na kutumia hadi saa sita. Majaribio hayo ya miezi sita yalifanywa na DHL, watengenezaji wa Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ, na Oktoba ya mwaka huo Mwanza ikawa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, mkutano wa kimataifa wa ndege za aina hiyo. Kisiwa kilichoshushiwa dawa kutoka angani ndicho kilichowazaa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi, waandishi wawili walioichimba familia ya Kanda ya Ziwa hadi kwenye mizizi. Kitereza alituonyesha mume na mke wanaohangaikia mtoto. Kezilahabi, katika Rosa Mistika, alituonyesha baba ambaye ulevi na ukali wake unamponza binti. Wajukuu wa wasomaji wao wa kwanza wanaishi na mashine ambazo riwaya zile hazikuzikuta, na fasihi yetu ina deni la kueleza mashine hizo zinafanya nini ndani ya nyumba.

Mahali pa kuanzia kulipa deni hilo ni kwenye hadithi fupi za kubuni za kisayansi. Kwa zaidi ya miaka 100 waandishi wa fani hiyo wamekuwa wakiuliza kitu gani kinabaki kati ya mzazi na mtoto, mume na mke, pale mashine inapofanya karibu kila kazi iliyowafanya wahitajiane. Wengi huzisoma hadithi hizo kama onyo kwamba mashine ni adui wa familia. Usomaji huo unaziona nusu tu. Katika hadithi bora za aina hii mashine hukaribishwa mlangoni, hupewa wajibu mmoja mdogo ambao mtu wa nyumbani aliuchoka au aliuona mzito, na mwandishi anatuonyesha taratibu ni kitu gani kilitoka pamoja na wajibu ule. Ndugu hushikamana kwa kuhitajiana. Mtu asiyehitajiwa na mwenzake kwa lolote huanza kuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Vyumba vya Forster na Bradbury

Mwingereza E. M. Forster alichapisha The Machine Stops Novemba 1909, Mwanza ikiwa bado kituo cha Wajerumani na reli ya kuifikia ikiwa mbali kwa miaka 19. Katika hadithi hiyo watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake chumbani, na Mashine inawaletea chakula, hewa, muziki, matibabu na maongezi. Vashti yuko upande mmoja wa dunia na mwanawe Kuno yuko upande wa pili, wakionana kwenye kioo. Kuno anamwomba mama yake asafiri aje waonane ana kwa ana, na mama anashindwa kuelewa kwa nini, maana anaona wameshaonana. Wasomaji wa leo hustaajabia jinsi Forster alivyoiona simu ya video kabla hata redio haijaingia majumbani. Uzito wa hadithi, hata hivyo, uko kwenye kanuni inayotajwa kwa ufupi sana: wajibu wa mzazi unakoma mara mtoto anapozaliwa, na malezi yote ni ya vituo vya umma. Vashti hakunyang'anywa mtoto. Aliuachia utaratibu uliokuwepo, akaona ni sawa, akaendelea na mihadhara yake kuhusu muziki. Ndiyo maana Mashine inapokufa, mama na mwana wanakutana kwa kugusana dakika zilezile ambazo wote wawili wanakufa. Walichokosa kwa maisha yao yote kinapatikana wakati hakuna tena muda wa kukitumia.

Mmarekani Ray Bradbury alikileta kitisho hicho ndani ya nyumba ya kawaida. Hadithi yake ijulikanayo leo kama The Veldt ilitoka Septemba 1950 katika gazeti la The Saturday Evening Post kwa jina jingine. George na Lydia Hadley wamenunua nyumba inayopika, inayowavisha watu na kuwafunga kamba za viatu, inayowabembeleza watoto mpaka walale. Chumba cha watoto kina kuta zinazoonyesha chochote ambacho Peter na Wendy wanakiwaza, na wanachokiwaza kila siku ni mbuga ya Afrika yenye simba wanaokula mzoga. Lydia ndiye anayeanza kuhisi kwamba nyumba imekuwa mke, mama na yaya, na kwamba yeye amebaki bila kazi. Baba anapojaribu kuizima, watoto wanawafungia wazazi wao mle chumbani na simba. Msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambaye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko karibu na ufuko wa ziwa lake, ana haki ya kuona kwamba Bradbury ameitumia mbuga yetu kama pazia la kutishia watoto wa wengine, wala hakuijua kama mahali pa watu na mifugo. Lakini hoja yake kuhusu malezi haiharibiki kwa kosa hilo. Watoto wa Hadley hawakuzaliwa katili. Walimpenda aliyewalea, na aliyewalea alikuwa ukuta.

Mwaka huohuo Bradbury aliandika There Will Come Soft Rains, hadithi isiyo na mtu hata mmoja aliye hai. Nyumba ya Allendale, California, inaamka asubuhi, inakaanga mayai, inatangaza tarehe, inasafisha sakafu, jioni inamsomea shairi mama mwenye nyumba. Wenyewe wote wanne walikwishaunguzwa na bomu la nyuklia na kubaki vivuli kwenye ukuta wa nje. Katika matoleo ya kwanza ya kitabu chake The Martian Chronicles, tukio hilo limewekwa Agosti 2026. Nyumba ile haikosei jambo lolote, na ukamilifu huo ndio unaouma: kila wajibu wa nyumbani unatekelezwa na hakuna nyumbani. Isaac Asimov naye, katika The Fun They Had ya mwaka 1951, anamweka binti Margie mwaka 2157 mbele ya mwalimu wa chuma aliye nyumbani kwao. Margie anasikia kwamba zamani watoto walisoma pamoja katika jengo moja na kurudi nyumbani pamoja jioni, na anawaonea wivu. Mashine inamfundisha hesabu vizuri tu. Kile ambacho shule ilikuwa inampa mtoto bila kukiandika kwenye mtaala, yaani wenzake, hakuna aliyekumbuka kukipakia.

Familia iliyo pande mbili za ziwa

Hadithi hizo zina kasoro moja kwetu, nayo ni ukubwa wa familia. Nyumba ya akina Hadley ina watu wanne na inaishia kwenye ukuta wake. Buswelu, yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela tangu ilipotenganishwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012, ni mahali pa viwanja vilivyopimwa na nyumba zinazoendelea kujengwa. Lakini anayejenga hapa kwa kawaida ana mzazi Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema au Ukerewe, ana mdogo wake anayesomeshwa, ana shangazi mjane anayemtegemea kwa mbolea. Familia yake imekaa pande mbili za ziwa na ncha zote za barabara. Kwa hiyo mashine inayoibadilisha haiko ukutani chumbani mwa watoto. Iko mfukoni mwa baba na kwenye kibanda cha wakala wa huko kijijini.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na baada yake zikaja huduma za kampuni nyingine za simu. Tangu hapo ada, dawa za presha, pembejeo, mchango wa harusi na rambirambi vimehamia kwenye simu. Mtu anapiga kutoka kijijini, anaeleza shida, anamaliza kwa kusema “tuma na ya kutolea”, na kabla chai haijapoa tatizo limekwisha. Hakuna mwenye akili atakayetamani kurudi enzi za kumpa kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Lakini tuangalie kwa makini wajibu uliohamishwa. Aliyepeleka fedha kwa mkono alikuwa pia anakagua. Alikuta paa linavuja, alisikia kikohozi cha mama usiku, aliona shamba halijapaliliwa na akajua bila kuambiwa kwamba kaka aliyebaki nyumbani ameanza kunywa. Muamala unafika kwa sekunde chache na hauoni kitu. Hakuna mtoto aliyeamua kwamba hatamtembelea tena mama yake. Kila mwezi kulikuwa na sababu nzuri ya kutuma badala ya kwenda, na sababu nzuri kumi na mbili zikatimiza mwaka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwenye msiba tunaliona hilo waziwazi: kundi la WhatsApp la ukoo linajaa pole na majina ya waliochanga, na kaburi linakosa wachimbaji.

Mashine yetu ina jambo jingine ambalo Forster aliligusa kwa mbali, nalo ni kwamba ina wenyewe. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka huo viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Watu walijadili uchumi wa taifa, lakini chini ya mjadala ule kulikuwa na ugunduzi wa kifamilia: kumtunza mama kumekuwa jambo ambalo mtu wa tatu anaweza kulipangia bei. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopoteza intaneti kwa kiasi kikubwa. Ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi Mei, Siku ya Mama. Mwandishi angeibuni siku hiyo, mhariri angemwambia amezidisha. Ilitokea kweli, na ilionyesha kwamba salamu za watoto kwa mama zao katika nchi nzima zinaning'inia kwenye waya uliolazwa baharini mbali na hapa.

Teknolojia inayoleta mtu

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito na linatoka hapahapa ziwani. Kuanzia mwaka 2013, upande wa Sengerema, kulijaribiwa utaratibu wa dharura unaoitwa m-mama. Mjamzito akipata tatizo, mtu anapiga namba 115 bila malipo. Mhudumu upande wa pili anauliza maswali, anapima ukubwa wa hatari, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa kijijini, ambaye akishamfikisha mama kituoni analipwa kwa simu. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuusambaza nchi nzima. Kuna wanawake walio hai kwa sababu ya teknolojia hiyo, na watoto wao wana mama. Mbele ya jambo hilo, malalamiko kuhusu makundi ya WhatsApp yanaweza kuonekana kuwa anasa ya waliokwishashiba.

Jibu ni kwamba m-mama inaithibitisha hoja yenyewe. Tazama inavyofanya kazi: simu inamtafuta mtu, mtu anawasha gari, anakwenda kwenye mlango wa mtu mwingine. Mwisho wa mnyororo ule kuna mikono. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nalo ni teknolojia kubwa kuliko simu yoyote, na kazi yake yote ni kumfikisha mtu kwa mtu bila kungoja kivuko. Hapo ndipo kipimo kilipo. Kuna teknolojia inayomleta mtu, na kuna teknolojia inayompa mtu ruhusa ya kutokuja. Chombo kimoja kinaweza kufanya yote mawili kulingana na anayekishika. Hata Kuno wa Forster alitumia Mashine ileile kumpigia mama yake; tofauti ni kwamba alimpigia ili kumwita atoke kwenye Mashine. Mtanzania aliyeko Muscat au Dubai kwa mkataba wa miaka miwili hana daraja la kupita, na kwake picha ya mtoto kwenye kioo cha simu ni riziki ya kweli. Tatizo letu linamhusu zaidi aliyeko kilomita 40 tu kutoka kwa mama yake na anaishi kama aliyeko Dubai.

Familia nayo ihukumiwe

Pingamizi la pili linasema hoja hii inaipamba familia kupita kiasi. Ni kweli kwamba familia si malaika, na waandishi wa Ukerewe walitueleza mapema. Katika riwaya ya Kitereza, ndugu za Myombekere wanamtukana mkewe, Bugonoka, kwa kutozaa mpaka wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kulipa pombe ya ndizi kama faini ili amrudishe. Katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya kijana. Msichana wa aina hiyo leo angekuwa na simu yenye nywila, na pengine simu hiyo ingekuwa mahali pekee ambapo angepumua. Kuna wajibu ambao kutua kwake kutoka mabegani mwa mtu kulikuwa ukombozi: mashine ya kusaga ilipofika vijijini iliwaondolea wanawake kinu na mchi, na hatujasikia mwanamke aliyeomba arudishiwe. Kwa nini basi tuhuzunike kila wajibu unapohama?

Mwandishi Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, amelijibu swali hilo vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote. Katika hadithi yake Mother of Invention ya mwaka 2018, Anwuli ni mjamzito aliyetengwa na ndugu na jamii kwa sababu aliyempa mimba ameonekana kuwa mume wa mtu. Anaishi ndani ya nyumba yenye akili bandia iitwayo Obi 3, na dhoruba ya chavua inapokuja na kumweka katika hatari ya kifo, ni nyumba ile inayomhudumia yeye na mtoto. Kwa haraka mtu anaweza kusema kwamba hapa mashine imeshinda familia. Lakini mwandishi ametuonyesha pia kwamba kulikuwa na mama mzazi, kulikuwa na mashangazi, kulikuwa na mji mzima ambao kwa mila zao wangepaswa kuwa pale wakati wa uchungu. Waliuweka chini wajibu wao kwa hasira na aibu, na kitu kilichokuwa karibu kikauokota. Ukarimu wa Obi 3 ni hukumu juu ya watu. Kipimo chetu kinafanya kazi hapa pia. Kinu kilipoondoka, hakuna uhusiano wowote wa thamani uliokufa pamoja nacho. Mkunga na mama walipoondoka, uhusiano ulikwishakufa kabla mashine haijafika. Swali halali kwa kila wajibu unaohama ni nani aliubeba, kwa gharama gani, na ulikuwa umefunga nini na nini.

Pingamizi la tatu linahusu mila. Wapo wasemao kwamba ubunilizi wa kisayansi ni mambo ya Wazungu waliochoka na umeme, na sisi ambao tarehe 1 Aprili 2024 gridi yetu ya taifa ilizimika na kutuacha gizani hatuna sababu ya kuogopa kutegemea mashine, kwa kuwa bado tunazitafuta. Hoja hiyo inasahau kwamba utegemezi hauanzi siku mashine inapokuwa kamili. Huanza siku njia mbadala inaposahauliwa. Inasahau pia kwamba teknolojia ya kwanza kuingia kati ya mzazi na mtoto katika nchi hizi haikuwa simu. Ilikuwa kalamu. Usukumani wavulana walifundwa jioni kwenye shikome, moto wa wanaume uliowashwa karibu na zizi, ambako mzee alisema na kijana akakumbuka. Shule ilipokuja, kumbukumbu ikahamia kwenye karatasi. Kitereza alielewa hatari na faida ya jambo hilo kuliko wengi: aliona maisha ya Wakerewe yanatoweka, akayaandika kwa Kikerewe na kumaliza mwaka 1945, akasubiri miaka 35 mpaka tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilipochapishwa na Tanzania Publishing House, na akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu mkononi. Aliitumia mashine ya wageni kuwaokoa babu zake.

Ted Chiang, mwandishi Mmarekani, alifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine katika The Truth of Fact, the Truth of Feeling ya mwaka 2013. Hadithi hiyo inasuka visa viwili. Kimoja ni cha Jijingi, kijana wa Kitiv wa Nigeria ya kikoloni aliyefundishwa kuandika na mmisionari, ambaye anakuta karatasi ya Wazungu inapingana na maneno ya wazee kuhusu undugu wa koo. Anatambua kwamba wazee wanasema kile ambacho kinawaweka watu pamoja sasa, na karatasi inasema kile kilichoandikwa wakati fulani, na anachagua kubaki na wazee. Kisa cha pili ni cha baba wa siku zijazo anayetumia chombo kinachotafuta matukio ndani ya rekodi za maisha yote. Kwa miaka mingi baba huyo ameamini kwamba binti yake Nicole ndiye aliyemtupia yeye baba maneno makali wakati mama alipoondoka. Rekodi inamwonyesha kwamba maneno yale aliyasema yeye mwenyewe, akimwambia binti. Mashine hapa imefanya jambo ambalo familia ilishindwa: imemvua baba uongo aliojivika. Hata hivyo, haimwombei msamaha. Hiyo ni safari anayoifunga mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mlangoni kwa binti. Visa hivyo viwili, kimoja kikiikataa mashine na kingine kikiikubali, vinatoa hukumu moja: chombo kinaweza kutunza ukweli, na kazi ya kuishi na ukweli huo inabaki kwa watu.

Hadithi ya kuandikwa

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Katama Mkangi wa Kenya alimrusha Dzombo angani kwa Kiswahili katika Walenisi mwaka 1995. Kezilahabi mwenyewe, katika Mzingile ya mwaka 1991, aliingia kwenye dunia iliyopitiwa na maangamizi. Mganda Dilman Dila alitoa mkusanyiko A Killing in the Sun mwaka 2014, na katika hadithi yake How My Father Became a God binti anamsimulia baba yake mvumbuzi, jambo linalotukumbusha kwamba mashine inaweza pia kuzaliwa ndani ya familia ya Kiafrika badala ya kuletwa na meli. Jarida la Jalada likatoa toleo zima la Afrika ijayo mwaka 2015. Lakini kazi nyingi za karibuni ni za Kiingereza, na zile za Kiswahili ni riwaya zilizoangalia zaidi siasa na falsafa. Hadithi fupi ya Kiswahili inayoingia jikoni na chumbani na kutuonyesha mashine ikipokea wajibu wa mtu bado ni haba, na fani hiyo fupi ndiyo inayofaa, kwa sababu inaweza kushika wajibu mmoja tu na kuufuata mpaka mwisho.

Mfano wa hadithi hiyo si mgumu kuuwaza. Mama yuko Nansio, mwana yuko Buswelu. Mwana anaweka programu inayompigia mama kila asubuhi kwa sauti ya mwana huyo, inamwamkia kwa Kikerewe, inamwuliza kama amekunywa dawa, inacheka pale ambapo yeye angecheka. Kompyuta za leo zinaweza kuiga sauti kiasi hicho. Mwandishi mvivu atamfanya mama adanganywe na kisha programu iharibike. Mwandishi aliyemsoma Kitereza atajua kwamba mama huyo ametambua tangu wiki ya kwanza, na anaendelea kuitikia kwa sababu hataki mwanawe aone aibu. Mama anamtunza mwana, mwana anadhani anamtunza mama, na kati yao programu inafanya kazi yake bila kosa. Siku programu inapomtumia mwana ujumbe kwamba sauti ya mama imebadilika, hadithi inafika kwenye swali lake: je, mwana huyo bado anajua njia ya kwenda kwao? Hapo hakuna simba wala bomu. Kuna kivuko, nauli, ruhusa ya kazini na moyo wa mtu, mambo ambayo kila msomaji wa kanda hii anayajua.

Tunazihitaji hadithi hizo kwa sababu maamuzi yenyewe hayapitishwi mahali pengine popote. Hakuna Bunge litakalopiga kura kama salamu za asubuhi zifanywe na programu, na mtengenezaji wa simu hana sababu ya kutuuliza. Maamuzi hufanywa kimya, nyumba kwa nyumba, na mtu aliyechoka ambaye anataka kitu kimoja tu kipungue leo. Mtu huyo hastahili kulaumiwa, ila anastahili kusaidiwa kuona kabla hajaachia. Hadithi nzuri humwonyesha mtu matokeo ya miaka 20 ndani ya kurasa kumi, na hiyo ni huduma ambayo hotuba na tozo haziwezi kuitoa. Wahariri wa majarida na waandaaji wa tuzo za uandishi wa Kiswahili waifungulie nafasi hadithi fupi ya kisayansi, na walimu waiweke mikononi mwa wanafunzi ambao wamezaliwa na simu janja nyumbani. Tukifanya hivyo, tutapata kizazi kinachotumia mashine kwa raha zake zote na kinachojua pia kutaja, bila kusitasita, wajibu ule ambao hakitamkabidhi yeyote: kumfuata mgonjwa, kumlea mtoto, kumzika mtu wake, na kuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe.